Kiwango cha dawa kwenye mboga kinapangwa vipi, na wewe ufanye nini

Ukinunua nyanya sokoni Kongowea, Mombasa, ukaona ule unga mweupe umeganda karibu na kikonyo, hiyo mara nyingi ni dawa ya wadudu au ya ukungu imebaki, na sheria ina kikomo chake. Kinapangwa hivi: dawa inapigwa shambani kwa kipimo cha juu ambacho lebo inaruhusu, siku za kungoja kabla ya kuvuna zikiisha mboga inavunwa, inaenda maabara wapime zimebaki miligramu ngapi kwa kilo. Huku wengine wanaangalia ile dozi ambayo haikuwadhuru wanyama wa majaribio, kawaida wanaigawa kwa 100, hapo wanapata kiasi cha mtu kula kila siku maisha yake yote, alafu wanapiga hesabu watu wanakula nini na kiasi gani, na watoto pia manake mwili wao ni mdogo. Dawa wanayokula ikizidi kile kiasi salama cha kila siku, kiwango hakipitishwi. Nchi nyingi zinafuata viwango vya Codex, tume ya FAO na WHO (mashirika ya UN ya chakula na afya) inayopanga viwango vya chakula, lakini Ulaya dawa isiyopangiwa kiwango inapewa miligramu 0.01 kwa kilo tu, kwa hivyo mishiri (french beans) inaweza kupita huku ikakataliwa kule.

Sasa kama unalima, soma siku za kungoja kwenye lebo na uandike tarehe uliyopiga dawa, na hakikisha dawa imesajiliwa na PCPB, bodi ya Kenya ya kusimamia dawa za wadudu, kwa zao hilohilo, hapa ndio wengi wanateleza jamani. Mnunuzi, muulize muuzaji ilipigwa lini, alafu osha kwa maji yanayotiririka ukisugua, ila dawa iliyoingia ndani ya mmea haitoki kwa kuosha.