Kuhamisha mradi wa ESP-IDF kutoka ESP32 kwenda ESP32-S3 bila kupoteza mipangilio

Mradi ulioujenga kwa ESP-IDF (zana za Espressif za kuandika programu za chipu zake) unafanya kazi vizuri kwenye chipu ya ESP32, na sasa una bodi ya ESP32-S3 mkononi. Fanya yote kwenye terminali. Vitufe vya kihariri vinakuficha amri inayoendeshwa, na hapa lazima uione.

1. Ingia kwenye folda ya mradi, washa mazingira ya ESP-IDF.

2. Okoa mipangilio. Usiguse `set-target`, amri ya kuchagua chipu, bado. Amri hiyo husafisha folda ya `build` na kuunda `sdkconfig` (faili la mipangilio ya mradi) mpya kabisa. Ya zamani hubaki kama `sdkconfig.old`, lakini ukirudia amri, nakala hiyo nayo inafunikwa. Ukubwa wa flashi, jedwali la migawanyo, kila ulichochagua kwenye menuconfig (menyu ya mipangilio): vyote vinarudi vilivyokuwa kiwandani. Ubaya ni kwamba programu inaweza kujengeka bila kulalamika, ikaja kugoma kwenye bodi. Kwa hiyo, kwanza:

`idf.py save-defconfig`

Utapata `sdkconfig.defaults`, yenye yale tu uliyobadilisha. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye Git. Ile `sdkconfig` yenyewe mimi huiacha nje. Ukikuta mstari wa `CONFIG_IDF_TARGET` humo, ufute. Mambo ya chipu moja, kama PSRAM (kumbukumbu ya ziada), yaandike kwenye `sdkconfig.defaults.esp32s3`, na usiifute ile ya jumla, `sdkconfig.defaults`, hata ikibaki tupu: isipokuwepo, hii ya chipu inaweza isisomwe.

Jingine linalokula muda: ukihariri defaults wakati `sdkconfig` ipo tayari, hakuna kitakachobadilika, maana iliyopo ndiyo inayosikilizwa. Ifute hiyo `sdkconfig`, ujenge upya.

3. `idf.py set-target esp32s3`

4. Kagua namba za pini (GPIO) kwenye kodi yako. S3 haina GPIO22 hadi GPIO25.

5. `idf.py -p /dev/ttyACM0 flash monitor`

Badilisha jina la poti kulingana na kompyuta yako. Kama una skripti ya zamani ya esptool (zana ya kupakia programu kwenye chipu) yenye anwani zilizoandikwa kwa mkono, usiitumie: bootloader (programu ya kuwasha chipu) ya ESP32 hukaa 0x1000, ya S3 hukaa 0x0.

6. Unazihitaji chipu zote mbili? Usiendelee kubadili huku na huku. Ipe kila moja folda yake:

`idf.py -B build_s3 -D SDKCONFIG=build_s3/sdkconfig -D IDF_TARGET=esp32s3 build`

Wakati wa kupakia, rudia `-B build_s3`.