Kuomba ruzuku ya kurejesha mikoko: mwongozo kwa vikundi vya pwani ya Tanga

Fedha za nje za kuhifadhi mazingira zina milango mingi, lakini kikundi cha kijijini kinaingia kwa mmoja hasa: Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, yaani GEF, inayoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ilianza 1992, mwaka uleule wa mkutano wa mazingira wa Rio. Mifuko mikubwa msiihangaikie. Mfuko wa Tabianchi wa Kijani haupokei barua ya kikundi. Fedha zake hupitia taasisi zilizoidhinishwa, kama benki ya CRDB iliyopata idhini 2019. Mtu akikuuzia fomu zake stendi ya Kange, mpite. Na hii ya ruzuku ndogo nayo haina ada ya kuomba.

Anzeni na makaratasi

Ruzuku hapewi mtu binafsi, hupewa kikundi au asasi. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, awaongoze kusajili kikundi halmashauri. Mkitaka kuwa NGO kamili, mtakwenda kwa Msajili chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Mtatakiwa kuwa na katiba, orodha ya wanachama, mihtasari ya vikao yenye saini na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

Halafu akaunti ya benki, na hapa ndipo sisi tulipokwama. Hati yetu ya usajili ilianza na maneno "Kikundi cha", akaunti haikuwa nayo. Maneno mawili tu! Tukazungushwa dirisha hadi dirisha, dirisha la maombi likafungwa sisi bado tunaomba barua ya marekebisho. Wekeni hati, katiba, muhuri na karatasi ya benki juu ya meza moja, msome herufi kwa herufi. Watia saini wawe watatu, na wasiwe watu wa nyumba moja.

Eneo ni la nani?

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuishi kando yake miaka mia hakuwapi ruhusa ya kuchimba mashimo humo. Andikeni barua TFS mapema, na mkipata jibu liambatanisheni. Kama mpo upande wa kusini mwa mji kuelekea Pangani, angalieni pia kama eneo lenu limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009. Hapo mtahitaji na neno la watu wa Hifadhi za Bahari. Wenye BMU, yaani kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi, waishirikishe tangu mwanzo, maana ndio watakaolinda wakati nyinyi mmelala.

Nendeni maji yakiwa yamekupwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kila kitu. Chagueni siku ya bamvua, maji yakitoka mbali, mwende na kamba ya kupimia, daftari na wazee wawili wanaoijua pwani. Miaka iliyopita tulipanda mikoko mamia upande wa baharini kabisa, kwenye tope tupu, kwa sababu pale ndipo palipokuwa wazi na picha zilitoka vizuri. Kusi ilipoingia, ikaing'oa karibu yote. Nilipompelekea mzee mmoja habari hiyo alinitazama tu, kisha akanitajia aina za mikoko na mahali pake. "Mwanangu, pale ni pa mlilana. Mkoko una pake, mkandaa una pake, mchu nao. Na mlilana ukiuachia maji na mkaacha kukata, unaota wenyewe."

Basi daftarini andikeni: aina gani ipo wapi, visiki vingapi kwa kila mita mia, vimekatwa lini, nani anakata na kwa ajili gani. Tanuri la chokaa? Kuni za kukaushia dagaa? Boriti? Sehemu iliyozibwa na tuta la shamba la chumvi pengine haihitaji mche hata mmoja, inahitaji maji yafunguliwe. Kurasa hizo nne tano zina thamani kuliko kurasa thelathini zilizonakiliwa kwenye andiko la mradi la kikundi kingine. Anayesoma maandiko kila siku hulijua andiko la kunakili kwa aya ya kwanza.

Mrudipo, itisheni mkutano mkuu wa kijiji, si kikao cha wanachama peke yao. Wakataji nao waalikwe. Muhtasari wake uambatanishwe.

Andiko lenyewe

Subirini tangazo la kuita maombi, kisha mfuate fomu ya tangazo hilo, si ya mwaka jana. Mara nyingi huanza andiko fupi. Likikubalika ndipo mnaitwa kuandika andiko kamili. Wasioweza kuandika wenyewe waulize kuhusu fedha ya maandalizi, ambayo kwa kawaida haizidi dola 5,000. Mtachagua eneo moja kuu kati ya bioanuwai, tabianchi, ardhi, maji ya kimataifa au kemikali. Chagueni moja kweli. Mikoko inagusa karibu yote, na kishawishi cha kuyataja yote ni kikubwa.

Kwa miaka mingi kikomo cha mradi mmoja kilikuwa dola 50,000, na wengi walipewa chini ya hapo. Fuateni kiwango cha tangazo. Bajeti ifanane na kazi. Nimewahi kuona bajeti yenye semina sita na viriba vya kuoteshea miche hakuna. Mchango wa jamii nao uwekwe kwa hesabu: siku za kazi, mtumbwi, kiwanja cha kitalu, maji ya kisima. Mpango kazi ufuate bamvua na misimu, kwani mkiandika "kupanda, wiki ya pili ya Juni" bila kutazama maji, msomaji wa pwani atacheka.

Baada ya kuwasilisha

Andiko huenda kwa mratibu wa taifa, ofisi ya Dar es Salaam, kisha kamati ya taifa huamua. Wajumbe wengi wa kamati hiyo hawatoki serikalini, kwa hiyo kumtafuta mkubwa wa wizara akupigie simu hakusaidii. Wakirudisha na maswali, huko si kukataliwa. Jibuni lile lililoulizwa.

Mkipita, mtasaini mkataba na fedha zitakuja kwa awamu, awamu inayofuata ikisubiri ripoti ya iliyotangulia. Wenye NGO waliopata zaidi ya shilingi milioni 20 wamuulize Msajili taratibu za kuwasilisha mkataba huo kwake na Hazina.

Stakabadhi ni za kutunzwa tangu siku ya kwanza. Bodaboda na mama lishe hawana mashine ya EFD ya kutolea risiti, hivyo muwe na daftari la malipo wanalotia saini palepale. Zile za EFD nazo hufifia haraka kwa joto letu: zipigeni fotokopi siku hiyohiyo, na mzihifadhi mbali na mtumbwi.