Wifi iko, ila site hazifunguke? Piga ping ya namba kwanza

Juzi hapa Birere tulipoteza saa nzima tukisema mega zimeisha, kumbe ilikuwa DNS tu, ile yenye kutafutia jina la site namba yake. Ukiona ordinatere iko kwenye wifi lakini site hazifunguke, fungua cmd (dirisha la kuandika amri kwa Windows) uandike ping 8.8.8.8, ile seva ya Google, kisha ping wikipedia.org; ping inaangalia tu kama upande wa pili unajibu. Namba ikijibu na jina likikataa, koneksyo iko mzima, ni DNS ya modemu ndo imelala, juu DNS kazi yake ni kugeuza jina kuwa namba, na 8.8.8.8 yenyewe tayari ni namba, haina haja ya kuulizia mtu. Hakikisha na nslookup wikipedia.org 1.1.1.1, hapo unauliza seva ingine bila kupitia ile ya modemu. Ikileta adresi, ingia kwa parametre za wifi uweke 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwa nafasi ya DNS, kisha kwa Windows upige ipconfig /flushdns juu mashine inakumbukaka majibu ya zamani (hii mimi nasahauka kila mara). Kama hata namba haijibu, usiguse DNS, angalia kwanza kabo na mega, ingawa kuna rezo zinafunga ping kabisa, hapo itakudanganya. Kwa biro yenye seva ya ndani usibadilishe kitu, majina yao DNS za inje haziyajue. Na wifi za hoteli zenye kuomba code ya kuingia kwanza, page yao inaweza kataa kutokea mpaka urudishe DNS kwa otomatiki.