Somo: Mashine ya wembe ya zamani yenye namba, kuanzia kununua hadi kuitunza

Nimejibu swali hili mara nyingi mno, mara "niisafishe kwa siki?", mara "pete imekwama", mara "ninunue ipi". Jibu lote ni hili. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Tunazungumzia Gillette za Marekani zenye milango miwili kichwani, ya kuwekea wembe, inayofunguka ukizungusha kifundo cha chini ya mpini, na pete ya namba 1 hadi 9 shingoni. Utakutana na Fatboy (1958 hadi 1961, mpini mnene), Slim (1961 hadi 1968, mpini mwembamba) na Super Adjustable iliyofuata, ambayo wengi huijua kwa mpini wake mweusi. Herufi iliyogongwa chini ya kichwa ni mwaka, tarakimu ni robo ya mwaka: E-3 ni robo ya tatu ya 1959, H ni 1962. Wakusanyaji hulipia herufi. Wewe unayetaka kunyoa, lipia hali ya mashine.

Hatua ya 1: picha. Usitume hela kabla ya kuona milango ikiwa wazi, kichwa kwa chini, na video fupi ya pete ikizungushwa kutoka 1 hadi 9. "Inafanya kazi" ya muuzaji haitoshi.

Hatua ya 2: ikifika, itazame kabla ya kuisafisha. Milango ifunguke na kufunga pamoja. Mmoja ukichelewa, huenda iliwahi kudondoka. Zungusha pete: pengo la chini ya makali lipanuke kadiri namba inavyopanda. Pete ikizunguka na pengo halibadiliki, au 1 ikiwa na pengo kubwa kuliko 9, kuna mtu aliifungua akaifunga vibaya. Irudishe. Wala wewe usiifungue. Haikutengenezwa ifunguliwe nyumbani.

Hatua ya 3: kuosha. Hapa ndipo mashine nyingi nzuri zinapoharibiwa, kwa hiyo soma pole pole. Weka maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwenye kikombe, tone mbili za sabuni ya vyombo, iache dakika 20. Kisha ifungue na kuifunga mara kadhaa ikiwa majini, ili maji yaingie ndani ya mpini. Utaona uji mweupe ukitoka. Hiyo ni sabuni ya miaka na miaka. Badilisha maji, rudia mpaka yatoke safi. Kwenye pembe za milango tumia mswaki laini. Pete iliyokwama usiishike kwa koleo: loweka tena, usiku mzima ikibidi, kisha izungushe kwa kitambaa chenye mpira.

USILOWEKE KWENYE SIKI, NDIMU WALA JIK. Ule mng'ao ni ngozi nyembamba ya nikeli juu ya shaba ya njano. Asidi huila, kwanza hufifia kama ukungu wa kijivu, halafu unjano wa shaba unachungulia, na hapo hakuna kusugua kutakakorudisha kitu. Jik huitoboa vitundu vidogo. Majivu, mchanga, steelwaya na Brasso vyote ni kusugua nikeli. Usiichemshe jikoni pia, rangi ya zile namba hubanduka. Ukiona ukijani tayari, nikeli ya hapo ilishakwenda. Safisha, kausha, endelea kuitumia, lakini usilipie bei ya mashine safi.

Hatua ya 4: spiriti ya hospitali, dakika 10. Kausha.

Hatua ya 5: mafuta ya cherehani, tone moja penye kifundo, moja chini ya pete. Fungua na funga, pangusa. Mafuta ya kupikia yataganda yawe gundi.

Hatua ya 6: weka wembe, kaza kifundo mpaka kigome, basi. Elekeza kichwa dirishani: makali yawe sambamba na ukingo wa chuma ulio chini yake, pande zote mbili. Upande mmoja ukitokeza zaidi, geuza wembe. Kasoro ikihama, ni wembe. Ikibaki palepale, mlango umepinda.

Hatua ya 7: anza na namba 2 au 3. Kabla ya kubadilisha namba, legeza kifundo nusu mzunguko, kisha kaza tena.

MASWALI

Boda wa Ntinda: Mzee, yangu ina uchafu mweupe, niiloweke kwenye siki saa ngapi?

Jibu: Hatua ya 3. Herufi kubwa.

Boda wa Ntinda: Lakini kuna jamaa kwenye video aliloweka ikang'aa.

Jibu: Ya kwake ni yake. Huenda alionyesha siku ya kwanza tu. Ukitaka, loweka, usiniletee picha baadaye.

Nakato, Mbale: Shikamoo mzee. Nimeachiwa Slim na baba. Kwa nini lazima kulegeza kabla ya kugusa pete? Na namba inabadilisha nini hasa?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Pete husogeza ule ukingo ulio chini ya makali. Ukishuka, pengo hupanuka na makali huigusa ngozi zaidi. Ndiyo maana 9 hukata sana. Ukiwa umekaza, wembe umebanwa na ukingo unasukumana nao, kwa hiyo ukilazimisha pete unasaga meno yake. Legeza, itazunguka bila kubishana. Na kama huko mnatumia maji ya kisima kirefu, ikaushe kila mara. Huacha chumvi nyeupe kuliko maji ya ziwa tunayopata Kampala.

Kinyozi Kawempe: Nataka moja ya wateja saluni.

Jibu: Hapana. Damu huingia ndani ya mpini mahali ambapo spiriti haifiki vizuri. Hepataitisi B na VVU si mchezo. Mteja na wembe wake mpya, kwenye kishikio kinachofunguka chote ukakiosha.

Okello: Mimi hupata vipele shingoni hata nikiwa namba 1.

Jibu: Si namba tu, kaka. Ndevu zetu za kujikunja zikikatwa chini ya ngozi hurudi ndani. Nyoa kuelekea zinakoota, mara moja, usivute ngozi, usikandamize mashine. Wembe ukianza kuvuta nywele, badilisha.

Afande Mstaafu: Mwanangu anakuja kutoka London na mashine. Uwanjani watamruhusu?

Jibu: Afande, nyembe aziweke kwenye begi la kupakia. Mashine tupu mkononi kwa kawaida haina shida, ila nayo akiipakia hatabishana na mtu.

Nakato, Mbale: Na nyembe zilizokwisha? Kuna watoto nyumbani.

Jibu: Kopo la bati la maziwa ya unga. Kata mwanya mwembamba kwenye kifuniko, kisha kifunge kwa gundi. Likijaa, ligonge mwanya ufunge kabla ya kulitupa.