Kuchora Machungwa na Jagi kwa Brashi Pana

Kabla ya yote, ficha brashi zako ndogo. Sitanii: zikiwa karibu, mkono utazifuata tu. Baki na brashi bapa mbili, moja ya upana wa sentimita 2.5 na nyingine nusu yake. Mimi natumia akriliki, yaani rangi inayozimuliwa kwa maji na kukauka upesi.

Hatua ya 1: Panga jagi la buluu, machungwa matatu na limau moja juu ya kitambaa. Washa taa moja tu, ubavuni. Taa mbili huzaa vivuli viwili na kuvuruga kila kitu.

Hatua ya 2: Paka kanvasi yote rangi ya udongo mwekundu iliyozimuliwa kwa maji, ikauke. Mapengo utakayoacha baadaye yatachungulia kwa rangi hiyo, si kwa weupe mkavu.

Hatua ya 3: Chora maumbo kwa brashi yenyewe. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 4: Finya macho mpaka vitu vidogo vidogo vipotee, ubaki na mabaka ya mwanga na ya giza. Anza na giza. Hapa wengi huchota nyeusi, na chungwa linakufa papo hapo. Tia buluu kidogo ndani ya rangi ya chungwa. Itapoa na kugeuka kahawia yenye uhai. Limau nalo linataka zambarau. Kisha tazama shavu la chungwa lililo karibu na jagi: kuna ububuluu umelirukia. Uweke, hata ukiuonea shaka.

Hatua ya 5: Sasa mwanga. Changanya rangi kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia, hadi uridhike, ukiipandisha weupe kidogo, maana akriliki hukolea ikikauka. Jaza brashi, weka pigo moja likifuata mviringo wa tunda, inua mkono. Usirudi. Chungwa zima mimi hulipatia mapigo sita au saba. Ukilipapasa likiwa bichi, mwanga na kivuli vinakorogana kuwa tope. Nimeua picha nyingi kwa "kurekebisha kidogo". Pigo likikosewa, likwangue kwa kisu uweke jingine.

Hatua ya 6: Mng'ao wa jagi ni tone moja zito la nyeupe yenye chembe ya njano. Moja.

Osha brashi hapo hapo. Akriliki ikikaukia kwenye nywele zake, umeipoteza.