Mtafiti, Anzia Kwenye Meza ya Kukatia

Nilikata nguo kiwandani miaka 14 kabla ya kuhamia kazi ya kuwakutanisha watafiti wa mitindo endelevu, yaani mavazi yanayotengenezwa bila kuharibu mazingira, na watu wanaozishona nguo zenyewe. Pande zote mbili wana nia njema. Kinachowashinda ni kuulizana. Kama una utafiti na unatafuta kiwanda cha kuujaribia, nisikilize.

Siku ya kwanza usiende na majibu. Simama kwenye meza ya kukatia zamu nzima. Tazama jora linavyotandazwa tabaka juu ya tabaka, violezo (maumbo ya kukatia kila kipande cha nguo) vinavyopangwa juu yake, na vipande vinavyodondoka. Mara nyingi hutajwa kwamba kiasi cha asilimia 15 ya kitambaa hupotea hapo, lakini wewe usiitegemee namba hiyo: pima mabaki ya siku hiyo kwa mizani. Kisha muulize mkataji ni nguo gani inamuudhi kwa mabaki. Atakujibu papo hapo, na jibu lake ndilo swali la kupeleka maabara.

Halafu geuza vipimo vyako. Mtafiti huongea kwa gramu na lita, msimamizi wa mstari wa kushona huhesabu mita kwa oda na dakika kwa nguo. Kiolezo kinachookoa sentimita 4 kwa shati, katika oda ya mashati 5,000, kinaokoa mita 200. Hapo atakusikiliza. Lakini kama kiolezo hichohicho kinaongeza dakika 2 za kushona kwa kila shati, umemwongezea saa 166 na zaidi. Mwambie yote mawili. Ukimficha la pili ataligundua wiki ya kwanza, na hutaaminika tena.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: jaribu nguo nzima, usijaribu kitambaa peke yake. Tuliwahi kushona fulana 300 za pamba ili zitiwe rangi baada ya kushonwa. Wazo lilikuwa zuri, maana kila rangi unaitia kwenye fulana zilizoagizwa tu. Maabara ilikuwa imepima kitambaa: hakichuji, hakisinyai. Fulana zikatoka na rangi safi, mishono yote myeupe! Uzi ulikuwa wa poliesta, na rangi ile ya pamba haishiki poliesta. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za uzi. Tulipohamia uzi wa pamba ukawa unakatika, mpaka fundi wa mashine alipolegeza mkazo na kupunguza mwendo wa cherehani. Fundi yule anastahili kutajwa kwenye ripoti kama mtafiti mwingine yeyote. Kwa hiyo orodhesha kila kitu: uzi, zipu, lebo, hata ile asilimia chache ya spandeksi (nyuzi zinazovutika) inayoonekana haina maana, kwa sababu hiyo hiyo ndiyo huja kuwatesa wanaojaribu kuichakata nguo upya.

Makubaliano yaandikwe mapema: nani atalipia muda wa mashine, matokeo ni ya nani, na kwamba jaribio likifeli litaandikwa pia.

Wasikilize wafanyakazi hata kuhusu miili yao. Nchini Uturuki madaktari waliwachunguza vijana waliokuwa wakipauza jinzi kwa kuzipulizia mchanga, wakakuta vumbi limewaharibu mapafu. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku njia hiyo kwenye nguo. Ushahidi ule ulianzia kwenye vifua vya wafanyakazi, na mpaka leo ndio mfano ninaouheshimu zaidi wa utafiti kubadilisha kazi. Mtu akikuambia anakohoa, acha kupima maji kwanza umsikilize.

Mwisho, rudi baada ya miezi mitatu bila kuwaita wakubwa. Nenda moja kwa moja mezani. Ukikuta kiolezo chako kimetundikwa ukutani kina vumbi, muulize mkataji kwa nini amekiacha, na jibu lake liandike kwa maneno yake mwenyewe.