Namna ya kuwaleta wajukuu kwa nyanya bila kuwakosanisha wakwe

Mimi ni nyanya wa pande mbili. Mwanangu wa kiume anaishi Nakuru na mkewe, Mkikuyu mzaliwa wa Njoro. Binti yangu ameolewa Kisumu na Mjaluo. Mimi niko hapa Luanda ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, kando ya barabara ya Busia, nimestaafu ualimu, na kila shule zikifungwa nyumba yangu hujaa. Nawaandikia nyinyi wazazi mnaotuletea watoto, maana watoto wenyewe hawana shida. Wenye shida ni nyinyi.

La kwanza, na nikilisema hili nimesema karibu yote: kila mtu aongee na wazazi wake mwenyewe. Kama Agosti watoto hawaji, mwanangu ndiye anipigie simu, si mkewe. Neno likitoka kwa mwanangu nitanuna jioni moja, kukicha nimesahau. Neno hilohilo likitoka kwa mkewe, hata akilipaka asali, nitaligeuzageuza wiki nzima nikitafuta alichomaanisha. Si haki, najua, lakini ndivyo tulivyo. Na mama wa Njoro naye aambiwe na binti yake.

Zamu zipangwe Januari. Shule hufungwa Aprili, Agosti, halafu ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Sisi tulikubaliana hivi: Aprili ni ya Njoro, kwa kuwa ni karibu na Nakuru. Agosti ni yangu. Disemba tunapokezana, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Wa Kisumu hawana zamu, hao huja hata Jumamosi. Mkingoja kuamua wiki ya Krismasi, nauli za kutoka Nakuru zimeshapanda, mtafika hapa mmekosana tangu Kericho.

Majina yataka yazungumzwe kabla mtoto hajazaliwa. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na mvulana wa kwanza jina la baba yake baba. Wa pili wa kila jinsia huenda upande wa mama. Huku kwetu Waluhya tulizoea kumpa mtoto jina la mtu aliyetangulia. Basi nilipopigiwa simu kwamba mtoto ameitwa mimi, nilishtuka, nikauliza kama kuna mtu aliyewaambia nimekufa. Sasa namwita wajina na ndiye ninayemfichia ndizi mbivu. Lakini ningeambiwa mapema nisingepiga kelele vile, na mama yake asingelia.

Sasa nije kwenye maneno yanayosafiri na watoto, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huvunjikia. Mjukuu wangu wa miaka saba alikaa mezani, akautazama mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza, ukivutika kutoka kwenye sahani hadi mkononi mwa guga wake, yaani babu yake, akasema mbele ya wageni wa kanisani: "Mama alituambia tuonje tu, tukirudi atatupikia chakula." Guga aliacha kutafuna. Mtoto wa umri huo ni redio, hutangaza alichopewa. Kwa hiyo wiki ile ya kufunga mizigo msituseme, si choo chetu, si moshi wa jikoni, si mboga. Kama mtoto ana chakula kinachomdhuru tumboni, mwanangu aniambie mimi moja kwa moja. Kama hakipendi tu, niachieni. Njaa ya mchana kutwa shambani imewafundisha wengi kula mrenda na omena.

Wakirudi pia msiwahoji. "Kukhu alisema nini kuhusu mimi?" (kukhu ndiye mimi, nyanya) si swali la kumuuliza mtoto. Muulizeni walicheza na nani, kuku wangapi wameangua, guga aliwasimulia nini usiku. Sisi nyanya nasi tuna dhambi hiyohiyo. Nimewaambia wenzangu wa chama waziwazi: ukimuuliza mjukuu mama yake huamka saa ngapi, usishangae swali lako likifika Nakuru kabla ya mtoto.

Msituonee ubaya kwa utani. Nikimwita mjukuu wangu wa kiume "mume wangu" na kumdai anijengee nyumba, hayo ni mambo yetu na yeye. Guga naye akimkatia kipande cha firigisi, mwacheni ale. Baba yake mwenyewe hakuionja mpaka alipoota ndevu.

Kwa wakwe heshima hutofautiana, ulizeni kabla ya ziara ya kwanza. Mume wa binti yangu hunisalimia kwa mdomo, hatushikani mikono, na mimi silali nyumbani kwake. Mama wa Njoro humpa mwanangu mkono na kummiminia chai mwenyewe, na mwanangu hutoka jasho. Hakuna aliyekosea. Nilipokuwa na kliniki ya macho Kisumu asubuhi na mapema, binti yangu aliniombea kitanda kwa jirani yake. Nilikula chakula cha jioni kwake, tukasali, kisha wajukuu wakanisindikiza hadi mlango wa pili wakinibebea blanketi na kugombania nani ashike tochi. Ni hatua chache tu, na kila mtu alilala na heshima yake.

Pesa za matumizi zitumwe kwa M-Pesa kabla watoto hawajafika, zisipitie kwa shemeji wala kwa mtoto. Sukari msiniletee, daktari ameshanikataza. Leteni majani chai, sabuni ya kipande na mafuta ya kupikia. Mimi nitawafungia njugu na ndizi, na nusu ni ya mama wa Njoro, msizimalize Nakuru. Yeye hunirudishia viazi, na gunia hilo limetupatanisha mara nyingi kuliko mikutano.

Mwisho ni afya. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, watoto wa huko hawajazoea malaria. Huku karibu na ziwa ipo mwaka mzima. Leteni vyandarua, na kadi ya kliniki ya mdogo. Mtoto akipata homa hata wiki tatu baada ya kurudi, msimpe panadol mkalala. Mpelekeni siku hiyohiyo akapimwe damu, na mwambieni daktari alikuwa magharibi. Mkipata ni malaria, mwanangu anipigie aniambie, nikague vyandarua vyangu vilivyotoboka. Msije mkanong'onezana huko jikoni kwamba kwa kukhu ni kuchafu, maana nitasikia, na mnajua atakayeniambia.